Kazi ya usiku imeshindwa kwenye Kubernetes, lakini podi na logi zake hazipo asubuhi: nitafute wapi?

Msimamizi wa Mifumo, Dar es Salaam

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limeanza kuwakwamisha wenzangu wa idara nyingine. Ninasimamia klasta (kundi la seva) ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena, toleo la 1.31, katika chama cha akiba na mikopo. Ndani yake kuna kazi iitwayo `usuluhishi-usiku`, ambayo kila siku saa nane usiku hulinganisha miamala ya simu iliyoingia siku hiyo na vitabu vyetu vya hesabu, kisha huandaa faili la tofauti ambalo wahasibu hulikuta asubuhi. Ni programu ya Python ndani ya kontena moja, inayoendeshwa na `CronJob`, yaani ratiba ambayo kila wakati wake ukifika huunda `Job` (kazi ya mara moja) yenye podi, kifurushi kinachobeba kontena.

Siku za karibuni kazi hii hufaulu usiku mmoja na kushindwa mwingine. Programu yoyote inaweza kushindwa, na hilo ningelishughulikia. Kinachonisumbua ni kwamba nikifika ofisini sikuti ushahidi wowote wa kilichotokea. `Job` yenyewe ipo, na inasema imeshindwa kwa sababu ya `BackoffLimitExceeded`, yaani imevuka marudio yanayoruhusiwa, lakini nikitafuta podi zake napata hivi:

```
$ kubectl -n hesabu get pods -l job-name=usuluhishi-usiku-29028900
No resources found in hesabu namespace.
```

Nikiiuliza `kubectl describe job`, sehemu ya matukio ni tupu: `Events: <none>`. Tunayo pia Loki, ghala la logi (maandishi ambayo programu huyatoa ikiendelea), inayozipokea kutoka kwa Fluent Bit, programu ya kuzikusanya, na logi za huduma zetu za mchana zinaonekana humo bila shida, ila za kazi hii sizioni hata mstari mmoja. Maelezo ya kazi, nikiacha yasiyohusika, ni haya:

```
schedule: "0 23 * * *"
jobTemplate:
  spec:
    backoffLimit: 4
    activeDeadlineSeconds: 3600
    template:
      spec:
        restartPolicy: OnFailure
        containers:
        - name: usuluhishi
          resources:
            limits:
              memory: 512Mi
```

Je, logi hizi zimefutwa kabisa au zipo mahali ambapo sijapaangalia? Na kama zimefutwa, nifanye nini ili usiku ujao zibaki?

---

Fundi wa Klasta, Nairobi

Ndugu mleta mada, za usiku huo zimefutwa, na aliyezifuta ni Kubernetes yenyewe kwa kufuata maelezo uliyoyaweka hapo juu. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukishaelewa uhai wa podi unaishia wapi, hutahitaji kukisia tena.

Logi ambayo `kubectl logs` hukuonyesha haitunzwi katika hifadhidata ya klasta. Ni faili la kawaida kwenye diski ya nodi (seva mojawapo ya klasta) ambako podi iliendeshwa, chini ya `/var/log/pods`, ndani ya folda yenye jina la eneo (namespace), jina la podi na kitambulisho chake. Podi ikifutwa, kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye nodi, huifuta folda hiyo pia. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni nani aliifuta podi, na lini.

Kwako jibu liko kwenye mstari wa `restartPolicy: OnFailure`. Kwa mpangilio huo kontena ikianguka huwashwa upya ndani ya podi ileile, na `kubectl logs --previous` hukupa logi ya jaribio moja tu lililotangulia, si yote. Majaribio yakivuka `backoffLimit`, kidhibiti cha `Job` huitangaza kazi kuwa imeshindwa na kuiondoa podi ambayo bado inahesabiwa kuwa hai, nayo huondoka na logi za majaribio yote. Nyaraka za Kubernetes zinaonya jambo hili waziwazi, na zinashauri kutumia `Never` pale unapochunguza kosa, au kuwa na mfumo wa kukusanya logi nje ya podi. Ukiweka `Never`, kila jaribio huwa podi yake, na podi iliyoanguka hubaki katika hali ya `Failed` na logi yake ikiwa mahali pake. Kwa `backoffLimit` ya 4, tarajia podi tano: jaribio la kwanza na marudio manne, ambayo huachana kwa sekunde 10, kisha 20, kisha 40, na kuendelea kuongezeka maradufu hadi kikomo cha dakika 6.

Matukio nayo yana sababu yake. Kwa kawaida seva ya API huyatunza kwa saa moja tu. Kazi iliyoshindwa saa nane na nusu usiku haina tukio lolote la kuonyesha ifikapo saa mbili asubuhi, na hivyo ile `<none>` haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea.

Jambo la tatu halijakufika, lakini litakufika wiki ijayo usipolitazama sasa. `CronJob` hutunza kazi tatu zilizofaulu na moja tu iliyoshindwa, isipokuwa umeiambia vinginevyo. Kazi ikishindwa Ijumaa usiku, halafu Jumamosi, halafu Jumapili, Jumatatu utakuta ya mwisho peke yake, na mara nyingi ile ya kwanza ndiyo yenye habari unayoitaka. Weka hivi:

```
failedJobsHistoryLimit: 5
jobTemplate:
  spec:
    template:
      spec:
        restartPolicy: Never
```

Angalia pia kama kuna mtu aliyeweka `ttlSecondsAfterFinished`. Sikuiona katika maelezo uliyoleta, ila wengine huiweka kwa nia njema ya kusafisha klasta, na ikiwa ndogo mno huondoa kazi na podi zake kabla hujaamka. Mabadiliko haya yatazihusu kazi mpya tu, si zile zilizokwisha kuundwa. Kama programu yenu inaweza kurudiwa bila kuandika hesabu mara mbili, na hilo waulize wahasibu kwanza, huna haja ya kungoja saa nane usiku:

```
kubectl -n hesabu create job jaribio --from=cronjob/usuluhishi-usiku
```

---

Mhandisi wa Data, Arusha

Naunga mkono yote aliyoyasema ndugu wa Nairobi, nami nigusie suala la Loki, kwa sababu ni hitilafu ya pili inayojitegemea. Hata podi iliyofutwa saa tisa usiku ilipaswa kuacha mistari yake huko, maana Fluent Bit husoma mafaili wakati kazi ikiendelea. Kama hakuna hata mmoja, nashuku kwamba mkusanyaji hayupo kabisa kwenye nodi inayoendesha kazi hiyo.

Klasta nyingi hutenga nodi maalumu kwa kazi nzito za usiku, na nodi hizo huwekewa `taints` (alama za kuzuia) ili podi za huduma za kawaida zisipangiwe huko. Fluent Bit huendeshwa kama `DaemonSet`, na watu hudhani kwamba basi iko kwenye kila nodi. Lakini bila `tolerations` (ruhusa za kuvuka alama hizo) zinazolingana, nayo hukataliwa kama podi nyingine yoyote, kimyakimya, bila onyo. Linganisha orodha mbili: nodi zote, na nodi ambazo podi za Fluent Bit zipo.

```
kubectl get nodes
kubectl -n logi get pods -o wide
```

Kuna uwezekano mwingine mdogo zaidi. Fluent Bit hupitia upya orodha ya mafaili ya kufuatilia kila baada ya sekunde 60, usipobadilisha `Refresh_Interval`. Podi inayoishi sekunde chache na kufutwa papo hapo inaweza kuzaliwa na kufa kati ya mizunguko miwili bila kuonekana. Kazi yako inachukua muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo ningeanza na nodi.

Nikumbushe pia kuhusu saa, hasa sisi wa Afrika Mashariki. Nambari iliyo mwishoni mwa jina la kazi ni muda iliopangiwa kuanza, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1970. Chukua 29028900, zidisha kwa 60, uipe amri ya `date`:

```
$ date -u -d @$((29028900*60))
Tue Mar 11 23:00:00 UTC 2025
```

Kazi ambayo wewe na wahasibu mnaiita ya Jumatano tarehe 12, katika UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) ni ya Jumanne tarehe 11, saa tano usiku. Ukitafuta Loki kuanzia usiku wa manane wa tarehe 12 na skrini yako ikiwa imewekwa ionyeshe UTC, mwanzo wote wa kazi utakuwa nje ya dirisha lako. Kwa upande wa ratiba, tangu toleo la 1.27 sehemu ya `timeZone` imekuwa thabiti, na ningeandika `timeZone: "Africa/Dar_es_Salaam"` pamoja na `schedule: "0 2 * * *"`, ili atakayeisoma baada yako asilazimike kupiga hesabu ya saa tatu kichwani.

---

Msimamizi wa Mifumo, Dar es Salaam

Ninawashukuru sana nyote wawili. Kuhusu Fluent Bit ni kama alivyosema ndugu wa Arusha: kazi za usiku zina nodi mbili zilizotengwa, na mkusanyaji hakuwepo kwenye hata moja. Nimeongeza `tolerations`, na sasa yupo kwenye nodi zote.

Nimeweka pia `Never`, na kazi iliposhindwa tena nilizikuta podi tano kama nilivyoambiwa. Hapo nimekutana na fumbo jingine. Nikiandika `kubectl logs job/usuluhishi-usiku-29031780` naambiwa `Found 5 pods, using pod/...`, kisha naonyeshwa podi moja tu. Nikitumia lebo, kila podi inanipa mistari kumi ya mwisho. Na katika zote tano mistari hiyo inaishia mahali pamoja, bila neno la kosa, bila `Traceback` (maelezo ya kosa ya Python), kana kwamba programu ilinyamaza tu. Nimeongeza `--timestamps`, na mwisho wa mojawapo uko hivi, saa ya kushoto ikiwa ya kontena na ya kwenye mabano ikiwa ya programu yetu:

```
2025-03-13T23:04:51.118Z [23:04:48] Fungu la 310 limesomwa
2025-03-13T23:04:51.118Z [23:04:49] Fungu la 311 limesomwa
2025-03-13T23:04:51.118Z [23:04:51] Fungu la 312 limesomwa
```

Kosa lenyewe limeandikwa wapi?

---

Fundi wa Klasta, Nairobi

Tuanze na mistari kumi. Unapochagua podi kwa lebo, `kubectl logs` hujiwekea `--tail` ya 10 bila kukuuliza. Ukitaja podi kwa jina, hukupa yote. Andika basi hivi, na utajua kila mstari umetoka kwenye podi ipi:

```
kubectl -n hesabu logs -l job-name=usuluhishi-usiku-29031780 \
  --tail=-1 --prefix --all-containers
```

Sasa tazama kwa makini ile mistari mitatu uliyoleta, kwa sababu inasema mengi. Programu iliiandika kwa nyakati tofauti, sekunde ya 48, ya 49 na ya 51, lakini kontena iliipokea yote katika nukta ileile. Maana yake ni kwamba Python haikuwa ikiitoa mistari ilipoandikwa. Pale `print` inapoandika kwenye kitu kisicho skrini ya mtumiaji, Python hukusanya maandishi kwenye bafa (hifadhi ya muda) hadi yafikie takriban kilobaiti 8, ndipo huyatoa kwa mkupuo. Fungu la 312 ndilo lililofunga mkupuo wa mwisho uliowahi kutoka. Programu iliendelea mbele ya hapo, ikaandika mistari mingine, na mistari hiyo ikapotea ndani ya kumbukumbu pale programu ilipouawa. Ndiyo maana podi zote tano, zikiwa zinasoma data ileile, zimekomea mstari uleule.

Weka `PYTHONUNBUFFERED=1` katika mazingira ya kontena, na kila mstari utatoka saa ileile. Kisha, badala ya kulitafuta kosa ndani ya logi, isome hali ya kontena:

```
kubectl -n hesabu get pods -l job-name=usuluhishi-usiku-29031780 \
  -o custom-columns='PODI:.metadata.name,NODI:.spec.nodeName,MSIMBO:.status.containerStatuses[0].state.terminated.exitCode,SABABU:.status.containerStatuses[0].state.terminated.reason'
```

Nategemea utaona 137 na `OOMKilled`. Msimbo huo ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ambayo mchakato hauwezi kuizuia wala kuishughulikia. Kernel, kiini cha mfumo endeshi, imeuua kwa sababu umevuka 512Mi ulizoupangia. Mchakato uliouawa hivyo hauna nafasi ya kuandika `Traceback`, kwa hiyo hakuna mahali popote ambapo kosa hilo lingeandikwa na programu yenyewe. Ungeona 143, ningesema umeombwa kuondoka kwa ishara ya 15. Ungeona 1, ningesema kosa ni la Python na maelezo yake yamo kwenye logi.

---

Msimamizi wa Mifumo, Dar es Salaam

Ni 137 na `OOMKilled` kwa podi zote tano. Wenzangu wa programu wamethibitisha kwamba msimbo wao hubeba miamala yote ya siku kwenye kumbukumbu kwa pamoja kabla ya kulinganisha, na wanaubadilisha usome na kulinganisha fungu kwa fungu. Je, kuna haja ya kurudia kazi mara tano kama kila jaribio litakufa palepale?

---

Mhandisi wa Data, Arusha

Haipo, na kwa kuwa sasa umeweka `Never`, unaweza kutumia `podFailurePolicy`, sehemu ya kanuni za nini kifanyike podi ikianguka, ambayo imekuwa thabiti tangu toleo la 1.31 na hukubali `Never` peke yake. Mpangilio wa kanuni una maana, kwa kuwa husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo hufuatwa:

```
podFailurePolicy:
  rules:
  - action: Ignore
    onPodConditions:
    - type: DisruptionTarget
  - action: FailJob
    onExitCodes:
      containerName: usuluhishi
      operator: In
      values: [137]
```

Kanuni ya kwanza nimeitanguliza kwa makusudi. Podi inayoondolewa kwa sababu nodi inafanyiwa matengenezo, nayo ikachelewa kuondoka, huuawa na kutoka na 137 vilevile. Hiyo haina kosa, na inastahili kurudiwa bila kuhesabiwa.

Nikutahadharishe pia kuhusu `activeDeadlineSeconds: 3600`. Muda huo ukiisha, kidhibiti huifuta podi iliyokuwa ikiendelea, na hapo hata `Never` haikuokoi: utabaki na `Job` yenye `DeadlineExceeded` na podi hakuna. Ninachofanya ni kuweka kikomo cha ndani kilicho kifupi zaidi, ili kontena ianguke yenyewe na podi yake ibaki:

```
command: ["timeout", "3300", "python", "usuluhishi.py"]
```

Amri ya `timeout` ya GNU hutoka na msimbo 124 muda unapokwisha, nao hautachanganyika na ule wa kumbukumbu. Ongeza 124 kwenye orodha ya kanuni ya `FailJob`, la sivyo jaribio la pili litaanza na kufutwa dakika chache baadaye kikomo cha nje kinapofika. Kile cha nje kiache kama kilivyo, kwa ajili ya siku ambayo podi haitaanza kabisa.

---

Mlinzi wa Seva, Mombasa

Naomba kuongeza mawili ambayo hayajaguswa. Siku podi isipoanza, kwa mfano picha ya kontena ikikosa kupakuliwa na hali ikawa `ImagePullBackOff`, hakuna logi itakayopatikana popote, kwa sababu programu haikuwahi kukimbia. Sababu huwa kwenye matukio peke yake, na mmeshaambiwa kwamba hayo huishi saa moja. Fluent Bit ina kipokezi kiitwacho `kubernetes_events` kinachoyachukua na kuyapeleka Loki pamoja na logi; kwa kazi zinazokwenda usiku watu wakiwa wamelala, mimi siwezi kukiacha nje.

La pili linahusu wanachama wenu. Hadi juzi mistari ya kazi hii ilikuwa ikifa na podi yake, na sasa itatunzwa kwa muda mrefu mahali panapofikiwa na watu wengi zaidi. Kazi inayolinganisha miamala ya simu ni rahisi kuandika namba ya simu, jina na kiasi cha fedha katika mstari mmoja, hasa pale muamala unapokosa mwenzake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwetu Kenya ipo ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria mwanachama hakukabidhi namba yake ili isomwe na kila mwenye nywila ya Grafana, skrini ya kusomea yaliyomo Loki. Waombe waandishi wa programu waandike kitambulisho cha muamala tu. Mhasibu anayehitaji zaidi atakifuata kwenye hifadhidata, ambako ruhusa zake zimekwisha pangwa.

---

Msimamizi wa Mifumo, Dar es Salaam

Nimeipitia logi ya jana baada ya kusoma ujumbe wa ndugu wa Mombasa, na namba za simu zimo kweli, kwenye mistari ya miamala isiyo na mwenzake. Nimezuia eneo la `hesabu` lisitumwe Loki mpaka mistari hiyo ibadilishwe. Kwa sasa podi tano zilizobaki zinatosha kwa uchunguzi. `podFailurePolicy` na `timeout` nimeziweka leo mchana, pamoja na `timeZone`.